Sekunde Tatu za Sitalike

Mtoto alianza kuitikia kabla hajaulizwa kitu.

Mambo yalianzia hapo, jamani, wala si kwa radi wala kwa bundi juu ya paa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Mpanda mjini, jua bado linachoma, na Pudensiana alikuwa amekalia ndoo nyuma ya ofisi akimpigia simu ya video binti yake Evaline, mwenye miaka sita, anayelelewa na bibi yake kule Sitalike, kijiji cha mtoni kando ya hifadhi. Alikuwa hajasema neno. Vumbi la Oktoba lilikuwa limemkaba koo, anakohoa tu. Na mtoto kwenye kioo akawa anatikisa kichwa: "Ndiyo. Ndiyo. Sawa." Kwa adabu kabisa, kama anavyomwitikia mwalimu.

"Eva, unamwitikia nani?"

Swali likaondoka. Moja, mbili, tatu. Ndipo mtoto akashtuka na kumtazama mama yake.

"Yule baba."

"Baba gani?"

Moja, mbili, tatu.

"Yule anayeongea kabla yako. Amenyamaza, umekuja wewe."

Pudensiana alicheka kicheko cha kujikaza. Mtoto ni mtoto, akajisemea, na mtandao ukichelewa sauti za watu huingiliana. Lakini zile sekunde tatu alikuwa anazifahamu, na ndizo zilizokuwa zinamnyima usingizi wiki nzima.

Pudensiana alikuwa fundi wa mtandao, Mfipa mmoja mbishi asiyekubali kushindwa na mashine. Kampuni yao ndogo iliuza intaneti kwa minara, kuanzia Sitalike mpaka Mishamo na Ikola kule ziwani, na data ya wateja wote hao ilipita kwenye mashine moja iliyokaa kichumba cha nyuma pale ofisini. Mashine hiyo waliiita Geti. Aliyeijenga ni Cyriaque, mtu wa Mishamo, mpole, mzito wa kuongea, aliyefariki miezi mitatu nyuma kwa ajali ya pikipiki. Kila mashine ina kiini chake, mafundi wanakiita kerneli, na ndicho kinachoamua pakiti ipi ya data ipite na ipi isubiri. Wengine hupakua kerneli iliyotengenezwa tayari. Cyriaque aliiunda ya kwake kwa mkono, akaongezea vipande ambavyo hakuna mtu mwingine pale ofisini aliyewahi kuvielewa.

Basi wiki iliyopita Pudensiana akaweka kerneli mpya. Ile ya marehemu ilikuwa imepitwa na wakati, ina matundu ambayo wezi wa mtandaoni wangepenya mchana kweupe, na fundi yeyote mwenye akili angefanya alivyofanya. Diski ilikuwa imejaa, kwa hiyo ya zamani akaifuta kabisa ili nafasi ipatikane. Alibonyeza kitufe kimoja. Wala hakumfikiria Cyriaque, nasema ukweli, alikuwa anafikiria kwenda kula.

Kesho yake simu zikaanza. Mtandao unajivuta. Mtandao umelala. Nyie mnatuibia.

Akabadilisha nyaya. Akapanda mnara mwenyewe, akafuta vumbi kwenye redio za kurushia mtandao. Akawakata wateja mmoja baada ya mwingine ili amjue anayekula mtandao, hakuna. Mwisho akapima Geti lenyewe, na hapo akakuna kichwa. Pakiti kutoka Sitalike ilifika getini ndani ya milisekunde nne, haraka kabisa. Ilitoka baada ya sekunde tatu. Katikati ya hapo ilikuwa inakaa ndani ya mashine bure, na mashine yenyewe haina kazi, haijajaa, haijapata joto. Akapakua toleo la nyuma la kerneli ile mpya, akapakua la nyuma yake tena. Kila kerneli isiyokuwa ya Cyriaque ilichelewa vilevile.

Jambo jingine hakumwambia mtu. Pakiti za sinema zilikaa kidogo, lakini pakiti za simu, zile zenye sauti za watu, zilikaa zaidi. Kana kwamba kuna mtu anazifungua, anasikiliza, anazifunga, ndipo anaziruhusu.

"Unasikia harufu?" Manyanda aliuliza. Huyu ndiye bosi wao, Msukuma mkubwa wa mwili, lakini siku hiyo alisimama mlangoni pa kichumba na hakuingia.

"Sisikii kitu, bosi."

"Pude, usinidanganye." Akashusha sauti mpaka ikawa ya kunong'ona. "Petroli na sabuni ya mche. Nani mwingine alikuwa akishuka kwenye pikipiki ananawa mikono na sabuni ya mche kabla ya kugusa mashine? Nani?"

Pudensiana akainamia nyaya. Ile harufu aliisikia tangu asubuhi.

Siku ya nne tangu ile simu ya video, simu ikaita, mama yake, Bibi Dorotea, anapiga kwa kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe. "Mwanangu, huyu mtoto amegoma kutoka nje," alisema. "Shule haendi. Hata chooni nampeleka nimemshika mkono, anatetemeka. Anasema ameambiwa asitoke."

"Ameambiwa na nani, mama?"

"Na huyo baba yake wa kwenye simu, mimi nitajuaje? Nikajua ni yule mume wako wa zamani amerudi kuwatafuta."

"Huyo hata namba yetu hana."

"Haya. Na chumba chake kinanuka tope. Lile tope la viboko, mto ukikauka wakajazana pale darajani. Nimedeki, nimedeki tena, wapi."

"Mnyang'anye hiyo simu kubwa, mama. Asiishike kabisa."

"Nilishamnyang'anya. Nampa ukipiga wewe tu."

Jioni ile Pudensiana alivaa visikizi, akajifungia ofisini na kumpigia mwanaye kupitia Geti, safari hii huku akirekodi. Uso wa Evaline ukatokea, mdogo, umekonda kidogo mashavuni. Pudensiana akasema, "Eva, mama hapa, hujambo mwanangu?" na akaanza kuhesabu, na hazikuwa tatu tena, zilifika tano, zikafika saba, na kwenye ya nane, katikati ya ule ukimya ambao haukupaswa kuwa na kitu chochote ndani yake kwa sababu swali lake lilikuwa bado halijafika na jibu lilikuwa bado halijazaliwa, akasikia mtu anavuta pumzi karibu sana na sikio lake la kushoto, pumzi nzito ya mtu aliyechoka, kisha sauti ya mwanaume, ya polepole, yenye lafudhi ya Kirundi ambayo alikaa nayo meza moja miaka minne na asingeweza kuichanganya na ya mtu mwingine yeyote duniani, ikasema: "Usikubari, mwana. Usitoke nje. Nisikirize mimi, usitoke."

Mtoto akatikisa kichwa. "Sawa, baba."

Pudensiana aling'oa visikizi akavitupa. Kilichofuata hakikuwa woga, kilikuwa hasira. Cyriaque! Mtu niliyekula naye ugali sahani moja! Kama una kinyongo na mimi, njoo kwangu, mwanangu amekukosea nini?

Kesho yake alfajiri yeye na Manyanda walikuwa kwenye pikapu ya kampuni, wanaelekea Mishamo kwa mjane wa Cyriaque.

Rosine aliwapokea na maji ya kunawa na maharage, akawasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatisha. Kisha akaweka kikombe chini.

"Dada Pude, ulifuta kazi ya mikono yake? Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Kabla hatujaganduka?"

Pudensiana akamtazama Manyanda, Manyanda akatazama maharage. Ikabidi Rosine aeleze. Kwa wao ambao wazazi walitoka Burundi, mtu akifa, kuna shughuli ya mwisho ya kuondoa msiba, ndiyo hiyo wanaita kuganduka. Mpaka ifanyike, marehemu bado yumo nyumbani, bado yumo kazini, na alichokishika hakiguswi. Hakigawanywi, hakitupwi. Shughuli ya Cyriaque walikuwa wameipanga Januari.

"Sikujua, Rosine. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingefanya."

"Hana nakala hapa? Daftari, flashi, chochote. Nikiirudisha kerneli yake labda atamwacha mtoto."

"Vipo kwenye sanduku." Rosine alielekeza kidole chumbani. "Lakini sanduku la mume wangu nalifungua siku ya kuganduka, si kabla. Usinilazimishe, dada. Nikifungua leo nitakuwa nimefanya kosa lilelile ulilofanya wewe."

Wakamwendea mzee Ladislas, baba mdogo wa marehemu, nyumba ya tatu, kumwomba shughuli iletwe mbele. Mzee hakufurahi. Alisema mtu haondolewi zamu kabla muda wake haujafika, na kwamba Cyriaque tangu utoto wake hakuwa mtu wa kumwonea mtoto, hilo jambo yeye halimwingii akilini. Lakini Pudensiana alipiga magoti pale kwenye vumbi, mwanamke na ubishi wake wote, akalia kwa sauti. Mzee akasema haya, Jumamosi.

Siku tatu hizo sijui Pudensiana alizimalizaje. Kazini aligusa mashine kwa ncha za vidole. Harufu ya petroli ilizidi, na ule ucheleweshaji ukafika sekunde kumi na mbili. Bibi Dorotea alipiga kusema tope sasa linanuka mpaka sebuleni, na kwamba mtoto analala chini ya kitanda, mgongo ukutani.

Jumamosi asubuhi ua wa Rosine ulijaa. Watu walinyolewa nywele, pombe ya mtama ikapita mkono kwa mkono, na mzee Ladislas akasimama mbele ya sanduku la Cyriaque, akaongea na marehemu kwa Kirundi, taratibu, kama unavyomwamsha mtu usiyetaka kumshtua. Manyanda alikuwa ameegesha pikapu karibu na mnara wa Mishamo, kompyuta iko juu ya boneti, inapima Geti kila sekunde. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Mzee akageuka. "Sisi ndugu tumeshamruhusu. Lakini anasita. Wewe ndiye mwenzake wa kazi, sema na wewe."

Pudensiana akasogea.

"Cyriaque, ndugu yangu. Nilifuta kazi yako bila hodi, nakuomba radhi mbele ya mke wako na mbele ya wazee wako. Lakini lile geti liachie. Zamu yako imekwisha. Mwachie mwanangu, Cyriaque. Toka mlangoni, nenda kapumzike."

Hakuna kilichotikisika. Kuku mmoja tu alikatiza uani. Kisha Manyanda akapiga kelele kutoka kwenye pikapu.

"Nne! Milisekunde nne! Pude, njoo uone, imefunguka!"

Vigelegele vikapigwa. Pudensiana akachomoa simu, akampigia mwanaye hapohapo kwa mtandao wao. Picha ikaja safi, bila kukwama. Evaline alikuwa ametoka chini ya kitanda, ana utando wa buibui kwenye nywele.

"Mama!"

"Eva wangu! Yule baba bado yupo?"

"Ameondoka." Jibu lilikuja papo hapo, hakuna kusubiri. "Ameniaga. Alikuwa analia, mama, alikuwa anasema—"

Lakini vigelegele vilikuwa vingi, na Pudensiana naye alikuwa analia kwa furaha, akasema kwa sauti ya juu, "Basi, basi, mwanangu, yameisha. Mwambie bibi sasa ruksa, ucheze hata nje. Mama anakuja leo leo."

Saa tano wakaaga. Rosine alikuwa amelifungua sanduku, sasa aliruhusiwa, na akamkabidhi Pudensiana daftari lenye jalada la buluu. "Ni la kazi," alisema. "Kwangu halina maana. Asante kwa kumuaga vizuri."

Njia ya kutoka Mishamo ni ndefu, ni msitu mtupu, simu haishiki kabisa. Manyanda alikuwa anaendesha huku akiimba. Pudensiana alifungua daftari kupitisha muda. Kurasa za mwanzo ni hesabu za minara. Katikati, mwandiko ukabadilika, ukawa wa mtu aliyeandika kwa kukandamiza kalamu, na tarehe ilikuwa ya wiki ile waliyofunga mnara wa Sitalike, pale karibu na daraja.

"Tangu tumeweka mnara huu," Cyriaque aliandika, "kuna pakiti zinakuja na anwani za watu, ila hazijapita njia za watu hao. Nimezifuata. Hazitoki kwa mteja. Nilizifungua nikakuta sauti. Moja ilikuwa sauti ya Rosine ananiita nishuke mtoni, na Rosine siku hiyo alikuwa Mishamo hana hata simu. Hiki kitu kinachukua sauti ya unayempenda na sura yake, kinakuita nje."

Pudensiana akafungua ukurasa unaofuata.

"Nimetia kipande kwenye kerneli. Pakiti ikidai inatoka kwa fulani wakati haikupita njia ya fulani, inauawa hapohapo. Kinaua maelfu kwa siku. Kipande hiki kisitolewe. Kikitolewa, itabidi mtu akae mwenyewe mlangoni azikague moja moja, na hapo mtandao utakuwa polepole sana, watu watalalamika. Bora walalamike."

Alisoma mara ya pili, na mara ya tatu, na huku anasoma kila kitu kilichotokea wiki mbili zile kikawa kinageuka mbele ya macho yake na kumwonyesha upande wake mwingine, zile sekunde tatu zilizokuwa nane zikawa kumi na mbili kwa sababu wa kukagua alikuwa mmoja na wanaobisha walikuwa wengi, ile pumzi ya mtu aliyechoka, ile sauti iliyomwambia mtoto asikubali, asitoke nje, na mtoto mwenyewe chini ya kitanda mgongo ukutani, salama, salama kabisa, mpaka mama yake aliposimama uani kwa watu akamwambia mlinzi pekee aliyekuwepo kwamba zamu yake imekwisha.

"Geuza gari," akasema.

"Nini?"

"Hapana, usigeuze. Kimbiza. Manyanda, kimbiza gari!"

Saa nane kasoro, Mpanda inaonekana kwa mbali, simu ikashika. Hakupita kwenye mtandao wao, alipiga kwa laini ya kawaida, kwenye kitochi cha mama yake. Kikaita mara ya kwanza hakikupokelewa. Mara ya pili kikapokelewa.

"Mama! Eva yuko wapi?"

"Wee, mbona unapiga makelele? Si uko naye?"

"Niko naye wapi? Mimi niko njiani, ndiyo naingia Mpanda!"

"Pudensiana." Bibi Dorotea alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayehisi anataniwa. "Umepiga saa sita kwenye simu kubwa. Nimekuona kwa macho yangu, umejifunga kitenge chako cha kijani. Ukasema umeshafika, uko darajani, mtoto aje akupokee. Amekimbia mwenyewe, hata viatu hakuvaa, jinsi alivyofurahi."

Pudensiana alijitazama. Alikuwa amevaa suruali ya kazi.

"Mama, nisikilize. Yule siyo mimi. Yule siyo mimi, mama! Ita watu, ita askari wa hifadhi, mkimbie darajani sasa hivi, mama, nakuomba!"

Kule upande wa pili, nyuma ya sauti ya mama yake, simu kubwa ikaanza kuita.

"Ngoja kwanza," Bibi Dorotea alisema.

"Usipokee! Mama, usipokee hiyo!"

Mlio ukakatika. Pudensiana akasikia, kwa mbali lakini vizuri, bila kukwama hata kidogo, sauti yake mwenyewe, laini, imetulia, inamwamkia mama yake kwa Kifipa cha nyumbani. Ikasema mtoto amefika, wako wote, na kwamba mama naye ajitupie kanga mabegani, ashuke kidogo mtoni wamwonyeshe kitu.

"Haya, mwanangu," Bibi Dorotea akaitikia. Kisha akakirudisha kitochi sikioni, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayeongea na mgeni asiyemwamini.

"Mwanangu huyu hapa, namwona kwa macho. Sasa wewe unayenipigia kelele ni nani?"

Akakata simu.